Saa ya mkononi ya fundi ujenzi: F-91W, G-Shock au Seiko ya otomatiki?

Fundi_Tofali

Wakuu, heshima mbele. Naomba ushauri wa saa ya kuvaa kazini siku sita kwa wiki. Kazi ni uashi: zege, plasta, kugonga tindo, na mara mbili tatu kwa wiki kukata nondo kwa grenda na kuchomelea madirisha. Kwa hiyo kuna vumbi la saruji, maji, jua la Dodoma na mitikisiko ya kutosha. Nataka isomeke juani, isiingize maji, betri ikae miaka, na ikivunjika isiniumize mfukoni. Nimeziona Casio F-91W, G-Shock ya mraba, na Seiko 5 ya otomatiki iliyotumika. Niende na ipi? Na ile alama ya WR (kustahimili maji) kwenye F-91W ina maana naweza kunawa nayo?

Kamani

Fundi, anza kwa kuiondoa Seiko. Ni saa nzuri sana, ila mahali pake si kwenye tindo. Ndani yake kuna gurudumu la mizani lenye mhimili ambao ncha zake ni nyembamba kama unywele. Kinga ya mshtuko ya kiwango cha ISO 1413 hupimwa kwa pigo linalolingana na saa kuanguka kutoka mita 1 kwenye sakafu ya mbao. Hilo ni pigo moja moja. Nyundo na tindo hupeleka mkononi mamia ya mapigo kabla hata ya chai ya saa nne, na kile chuma kizito cha nyuma kinachojaza kamani (springi inayoendesha saa) hutikisika nayo yote mpaka skrubu yake ilegee.

Halafu kuna sumaku. Kebo ya kuchomelea inayobeba ampea 100 na kuendelea huzungukwa na nguvu ya sumaku. Ukiipitisha begani au ukaizungusha mkononi, kamani nyembamba ya gurudumu la mizani hushika usumaku, mizunguko yake inagandana, na saa inaanza kukimbia, wakati mwingine kwa dakika kadhaa kwa siku. Kifaa cha kuondoa usumaku huitibu kwa sekunde chache bila kufungua kifuniko, lakini kesho unachomelea tena. Saa ya betri yenye akrabu nayo ina kimota ambacho sumaku inaweza kukisimamisha. Ukiiondoa saa hapo huendelea, ila imeshachelewa. Saa ya namba haina kamani wala mota. Kwa kazi yako, chukua ya namba.

Kuhusu WR: ikiandikwa peke yake bila kipimo, hesabu jasho, manyunyu na kunawa mikono, basi. Hata ingeandikwa mita 30, hicho ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya, wala si ruhusa ya kuzama mita 30. Kusugua mkono ndani ya pipa au kuoshea vyombo vya kazi kwa mpira wenye presha ni habari nyingine. Anzia mita 100.

Na usibonyeze kitufe saa ikiwa imelowa. Kitufe ni pini inayopita kwenye kijipete cha mpira. Ukikibonyeza unasukuma maji na saruji kuelekea ndani. Vilevile, saa iliyochomwa na jua ukiitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta unyevu kupitia mpira uliochoka. Ule ukungu chini ya kioo mara nyingi huanzia hapo.

Binti_Karakana

Kabla ya jina la saa, kaka, kuna kazi ambazo saa yoyote inatoka mkononi. Drili ya meza na mashine ya kukereza: vua. Mkanda ukinaswa na kitu kinachozunguka, mkono unafuata, na kadiri mkanda ulivyo imara ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Grenda vilevile.

Mkanda wa chuma usiuvae kabisa kwenye umeme. Betri ya gari ni volti 12 tu, lakini chuma kikigusa nguzo ya chanya na bodi kwa pamoja, mamia ya ampea hupita hapo. Mkanda unawaka mwekundu ukiwa bado umekufunga kifundo. Kwenye kuchomelea, saa ya plastiki iwe chini ya glovu ndefu au mfukoni. Cheche ikitua kwenye mkanda wa plastiki au nailoni huuyeyusha juu ya ngozi.

Kwa hiyo chagua saa inayovuliwa na kuvaliwa kwa mkono mmoja, haraka. Usipoweza kuivua kirahisi, hutaivua.

Namba_Tupu

Sasa majina.

F-91W imeuzwa tangu 1989, ina gramu 21, betri ya CR2016 inayokadiriwa miaka 7, na hupotea au kuzidi si zaidi ya sekunde 30 hivi kwa mwezi. Kwa bei yake ni vigumu kuilaumu. Udhaifu wake kwako ni maji, pamoja na taa: kijitaa kimoja pembeni kinachoangaza nusu ya kioo.

Casio W-800H ndiyo ningekupa wewe. Mita 100, betri ya CR2025 ya miaka 10, namba kubwa. Kioo chake ni cha plastiki, na hapo watu hukosea wakidhani ni kasoro. Plastiki inachunika lakini haipasuki, na michubuko midogo huisha kwa dawa ya meno na kitambaa laini, dakika tano za kusugua. Kioo cha kawaida cha madini hushinda plastiki kwa ugumu, lakini mchanga wa ujenzi ni mgumu kuliko hicho kioo, kwa hiyo nacho kitachunika, na hakisuguliki. Kioo cha yakuti hakichunwi na mchanga, ila nyundo ikiteleza kinapasuka, na gharama yake hailingani na kazi hii.

G-Shock ya mraba ukiitaka, chukua DW-5600UE: mita 200, kioo kimezama chini ya ukingo wa plastiki, na betri ya miaka 5, wakati DW-5600E ya zamani ilikadiriwa miaka 2. Ubaya ni kwamba mkanda una umbo lake wenyewe, huwezi kufunga wowote. G-Shock nyingine ya mraba, GW-M5610, inachaji kwa mwanga na hilo ni jema, lakini sehemu ya bei yake ni ya kupokea mawimbi ya redio yanayosahihisha saa. Vituo vyake viko Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani. Dodoma hupati kitu, unalipia bure.

Jambo dogo kwa wanaopenda kuiweka saa kwa Kiswahili, saa moja asubuhi isome 1: kwenye mfumo wa saa 24 hakikisha asubuhi inasoma 1:00, si 13:00. Ukiikosea, tarehe itageuka saa kumi na mbili jioni.

Mwashi_Kibano

Sehemu inayokufa kwanza ni mkanda, na hamjaugusa. Kwa F-91W, ambayo nafasi yake ni milimita 18, weka nailoni ya kipande kimoja inayopita chini ya saa kwenye pini zote mbili. Pini moja ikikatika, saa inabaki inaning'inia badala ya kuzama kwenye zege.

Binti_Karakana

Mwashi, kwa fundi umeme sawa, kwa mtu wa zege hapana. Nailoni hunywa maji ya saruji na kuyashikilia kwenye ngozi mchana kutwa. Saruji mbichi ni kali kama magadi. Inachoma polepole, na wengi hudhani mkanda umewaletea mzio. Abaki na mkanda wa plastiki, alegeze tundu moja, aoshe saa na kifundo kila jioni kwa maji vuguvugu, sabuni na mswaki laini, hasa kuzunguka vitufe kabla saruji haijaganda. Petroli na tina zisiguse mkanda, huufanya ukakamae na kupasuka kwenye matundu.

Fundi_Tofali

Nimewaelewa, naelekea W-800H. Mawili ya mwisho: feki naijuaje, na betri naweza kubadili mwenyewe?

Kamani

Kwa F-91W, ukibonyeza kitufe cha kulia sekunde 3, halisi huandika CASIo kwenye kioo. Isipoandika, iache. Ila ikiandika bado haijathibitisha, kwa hiyo angalia pia maandishi ya kifuniko yawe makali na yaliyonyooka. Kitufe hicho ni cha F-91W, usikitegemee kwa W-800H; hiyo ikague kwa macho na uinunue kwa muuzaji anayetoa risiti.

Betri unaweza. Osha saa, ikauke kabisa. Fungua skrubu nne kwa bisibisi ndogo inayokaa sawasawa, na chunga kispringi kidogo kinachogusa kifuniko. Kikiruka, mlio wa saa umekwenda. Toa betri, weka mpya bila kushika pande zote mbili kwa vidole. Kisha, kwenye Casio nyingi za namba, kuna alama ya AC: gusisha kibano kati ya alama hiyo na upande wa chanya wa betri kwa sekunde mbili, la sivyo kioo kinaweza kubaki kitupu ukadhani umeiua.

Kijipete cha mpira kikague. Kikiwa kimekakamaa au kimekatika, badilisha. Kikiwa kizima, kipake grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, kikae kwenye mfereji wake wote, ndipo ukaze skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Grisi ya gari usitumie, huvimbisha mpira.