Je, usimamizi wa jukwaa ni taaluma ya kudumu au ni ngazi ya kupitia tu?

Mshika Mswada ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nimehitimu masomo ya sanaa za maonyesho, na karibu kila mchezo tulioandaa chuoni nilipewa kazi ya kushika mswada, kuwaita waigizaji na kuhakikisha kwamba vifaa vipo mahali pake. Kuigiza sikujaliwa sana, wala jambo hilo halinisumbui. Ninachotaka kufahamu ni iwapo usimamizi wa jukwaa ni taaluma ambayo mtu anaweza kuishi nayo kwa miaka mingi, au ni njia tu ya kufikia uongozaji, kama baadhi ya walimu wangu walivyokuwa wakinieleza. Je, ni lazima nirudi darasani kusomea kazi hii peke yake? Na anayetafuta msaidizi wa msimamizi huangalia nini hasa?

Nyuma ya Pazia amejibu:

Ndugu Mshika Mswada, nadhani walimu wako wamechanganya mambo mawili. Wapo wasimamizi waliohamia kwenye uongozaji, lakini mwongozaji kwa kawaida humaliza kazi yake mchezo unapozinduliwa, kisha huondoka na kuanza mwingine. Kuanzia hapo onyesho huwa mikononi mwa msimamizi wa jukwaa, ambaye ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba watazamaji wa mwezi wa tatu wanaona mchezo ule ule walioona watazamaji wa usiku wa kwanza. Mwigizaji akianza kurefusha kimya chake kwa kuwa jana watu walicheka sana, ni msimamizi anayemkumbusha kilichokubaliwa mazoezini, na ni lazima ajue kulisema hilo bila kumvunja moyo mtu ambaye baada ya saa moja atakuwa mbele ya watu. Sioni vipi kazi kama hiyo inaweza kuitwa ngazi ya kupitia tu.

Kiini cha kazi yenyewe ni ile nakala kuu ya mswada. Upande mmoja wa ukurasa kuna maneno ya mchezo, na upande wa pili huandikwa miondoko yote: nani anaingia kutoka upande gani, anaketi kwenye neno lipi, anaiacha wapi barua aliyoishika. Huandikwa kwa penseli, kwa sababu yaliyoamuliwa asubuhi yanaweza kufutwa mchana. Nakala iliyo nzuri ni ile ambayo mwenzako mwenye ujuzi anaweza kuifungua siku unayougua na kuliendesha onyesho jioni hiyo hiyo.

Kisha kuna kutoa ishara, na hapa ndipo wengi huipenda kazi au huikimbia. Kila badiliko la taa au la sauti huwa na namba yake. Msimamizi husema kwenye hedseti, "Jiandaeni, taa 42 na sauti 17," mafundi huitikia, na wakati ukifika husema, "Taa 42 na sauti 17, sasa." Fundi hagusi chochote mpaka asikie neno hilo la mwisho, ndiyo maana neno hilo halitamkwi ovyo wakati onyesho linaendelea, hata kwa utani. Aidha, ishara hutangulia tukio kidogo. Ikiwa taa zinapaswa kuzimika pamoja na mlango kubamizwa, utasema "sasa" pale mkono wa mwigizaji unapoanza kuusukuma mlango, kwa sababu ukisubiri kishindo utakuwa umekwisha kuchelewa.

Fundi Taa amejibu:

Nakubaliana na mwenzangu, ila ningependa kuongeza kuhusu masomo, kwa kuwa hilo halikuguswa. Kazi hii hufundishwa kama fani kamili: vyuo vya maigizo vya RADA na Guildhall, London, vinayo mafunzo yake, na huko Marekani Chuo Kikuu cha Yale hutoa shahada ya uzamili katika usimamizi wa jukwaa. Hata hivyo, wewe tayari umehitimu sanaa za maonyesho, na kwa maoni yangu mwaka mmoja wa kuwa msaidizi chini ya msimamizi makini utakufaa zaidi kuliko kurudi darasani mara moja. Mimi hukaa upande wa pili wa hedseti, na sijawahi kumuuliza msimamizi cheti chake. Ninachohitaji kwake ni sauti tulivu na ishara inayofika kwa wakati ule ule kila usiku.

Ukiomba kazi, usome majukumu kabla ya kuangalia cheo. Katika majumba mengi ya Uingereza, anayetoa ishara ni naibu wa msimamizi, na msaidizi hushughulikia zaidi vifaa vya jukwaani, ilhali Marekani ishara mara nyingi hutolewa na msimamizi mkuu mwenyewe. Kuhusu swali lako la kudumu, Actors' Equity Association, chama cha wafanyakazi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1913, huwatetea waigizaji na wasimamizi wa jukwaa pamoja. Chama cha namna hiyo hakiwekei mikataba kazi ya kupita njia.

Mlango wa Dharura amejibu:

Hakuna aliyetaja usalama, nami sipendi ulichukulie kama jambo dogo. Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois wa Chicago uliungua katikati ya onyesho, pazia la kuzuia moto likakwama kabla ya kushuka hadi chini, milango mingi ikawa imefungwa, na zaidi ya watu 600 wakafariki. Msimamizi ndiye anayekagua njia na vifaa kabla ya watazamaji kuingia, na ndiye anayelisimamisha onyesho inapobidi, hata kama mwenye kampuni amekaa mstari wa mbele.

Mshika Mswada ameandika tena:

Nawashukuru sana. Nina jambo moja zaidi: sijui kusoma nota za muziki. Je, hilo litanifungia mlango?

Nyuma ya Pazia amejibu:

Kwenye mchezo wa maneno matupu, hapana. Kwenye opera utakwama, kwa sababu ishara huwekwa juu ya nota na si juu ya neno, kwa hiyo anza kujifunza sasa ikiwa unaitamani njia hiyo. Kuhusu kinachoangaliwa, mimi huomba kuona kurasa chache za nakala kuu ya mwombaji na ripoti zake za maonyesho. Ripoti huonyesha muda wa kila sehemu, kilichovunjika na kilichochelewa, na mara moja utamtambua anayeandika "taa 31 ilichelewa, imekaguliwa" na anayejaza ukurasa mzima kumlaumu fundi. Chagua mchezo mmoja wa chuoni, uinakili upya nakala yake kwa unadhifu, na uende nayo kwenye usaili.