Mrejesho: IST iliyoanza kubugia mafuta ghafla

Wakuu, nilikuja kulalamika kwamba gari langu, Toyota IST ya cc 1300, imeshuka kutoka kilomita 14 kwa lita hadi 9, ruti ileile ya Mbezi hadi Posta, foleni ileile.

Plagi nilibadilisha, hola. Upepo wa matairi, safi. Breki hazing'ang'anii magurudumu.

Aliyeniambia nipime joto la injini ndiye aliyepatia. Fundi wa Ilala alichomeka mashine ya kupimia: nusu saa injini inaunguruma, maji hayavuki nyuzi 60! Kufungua, thamostati (kile kifaa kinachozuia maji yasiende kupoozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) haipo. Hapo nikakumbuka: fundi aliyeziba rejeta iliyokuwa inavuja aliing'oa, eti "Dar kuna joto, haina kazi". Nami nikaitikia kama zuzu. Kumbe bila hiyo maji yanapita kwenye rejeta muda wote, injini haipati moto wake, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya ziada ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa asubuhi.

Thamostati mpya na kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), elfu 45 pamoja na ufundi. Nimejaza tanki mara mbili na kupiga hesabu: kilomita 13.4 kwa lita. Hiyo tofauti iliyobaki nadhani ni AC, na AC sizimi.