Tupeane uzoefu: buti la mlimani la bei nafuu, lisiloingiza maji na lisilokuacha njiani

Mgumu_Mstaafu

Wakuu, nawasalimu kutoka Moshi. Masika imekolea, wageni wamepungua, kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Kila mwaka msimu ukikaribia simu yangu inajaa swali lilelile: "Kaka, napanda Kilimanjaro, ninunue buti gani lisilopitisha maji na lisinilazimishe kuuza ng'ombe?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Kila mtu aweke hapa kilichomkuta, ili anayekwenda soko la mitumba, Memorial ya Moshi au Karume ya Dar, na laki yake asirudi na majuto.

Naanza mimi. Mwaka 2013 nilikuwa bado nabeba mizigo. Tulipofika geti la Mweka siku ya kushuka, mgeni mmoja Mjerumani akavua buti lake akaniachia. Ngozi nzito ya kahawia, ulimi umeshonwa pembeni mpaka juu, soli ina meno kama tairi la trekta. Kosa langu ni kwamba nililiona zuri mno kulivaa kazini. Nikalipaka kiwi, nikalifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikalisukuma chini ya kitanda. Hili, nikasema, ni la siku nitakayokuwa mwongozaji msaidizi.

Siku hiyo ilikuja baada ya miaka minne na ushee. Nikalitoa linang'aa vilevile. Njia ya Marangu, siku ya kwanza hadi Mandara hakuna neno. Kesho yake tumeshauacha msitu, tumeingia kwenye vichaka vifupi kuelekea Horombo, nikahisi mguu wa kulia unakanyaga kitu laini kama ugali wa moto. Nikadhani tope. Kugeuka, soli yangu imelala njiani peke yake, hatua tatu nyuma. Nilipoiokota, ile sehemu ya kati ilimong'onyoka mkononi kama keki iliyolala siku nne. Wageni sita wamesimama wananitazama mimi, mtu wa kuwaongoza. Mguu wa kushoto ulifuata kabla ya nusu saa.

Nilifunga yote mawili kwa kamba ya hema hadi Horombo, mita 3,720. Pale mgumu mmoja (ndivyo tunavyoitana wapagazi) wa kundi lililokuwa linashuka akanivulia la kwake, yeye akateremka na raba. Mungu ambariki popote alipo.

Ngozi ya lile buti haikuwa na hata ufa mmoja. Maji yasingeingia kamwe. Ndiyo maana mtu akiniuliza kwanza kuhusu maji, namwambia aligeuze buti kwanza, aangalie chini.

Karibuni. Uzi huu uwe wa nailoni, usikatike.

Binti_wa_Mbagala

Pole mkuu, ila nimecheka kwa sauti kwenye daladala.

Mimi nilipanda na lile kundi la Uhuru, la kufika kileleni tarehe 9 Desemba. Buti nililipata Karume kwa 55,000, mtumba safi, soli nzima, na maji halikuingiza hata tone. Shida ilikuwa namba. Mimi navaa 39, nikanunua 39, nikalijaribu pale sokoni asubuhi na soksi nyepesi ya ofisini. Lilinikaa kama limeshonwa kwa ajili yangu.

Kupanda, raha. Kileleni nimepiga picha na kulia kama wengine. Balaa lilikuwa kushuka. Kutoka Barafu hadi kambi ya Mweka unateremka zaidi ya mita 1,500, na kila hatua kidole gumba kinapiga pua la buti. Ilipofika jioni nilishindwa kulivua mwenyewe. Kucha zote mbili za vidole gumba zikawa nyeusi, moja ikang'oka Januari nikiwa kwenye send-off ya rafiki yangu, nimevaa viatu vya wazi.

Kwa hiyo dada zangu: nendeni sokoni jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, mkiwa na soksi nene mtakazopandia. Ukishafunga kamba, piga pua la buti kwenye ngazi au ukutani. Kidole kikigusa, rudisha, hata kama muuzaji amenuna.

Fundi_Kilombero

Mgumu, hukurogwa. Nashona viatu Arusha mwaka wa 17 huu na buti la namna hiyo naletewa karibu kila mwezi wakati wa msimu. Karibu yote ni zawadi za wageni yaliyohifadhiwa "kwa ajili ya siku muhimu".

Iko hivi. Buti la mlimani lina soli mbili. Ya chini ni mpira mgumu wenye meno. Juu yake kuna ya kati, laini, ndiyo inayokupunguzia mshindo. Mabuti mengi mazuri hiyo ya kati ni poliyurethani, aina ya plastiki yenye povu. Ni nyepesi, inadumu, lakini adui yake ni unyevu. Unyevu wa hewani tu unaivunjavunja taratibu kutoka ndani, ulivae au usilivae. Ukilifunga kwenye nailoni mahali pa joto ndiyo umelipikia. Buti la miaka minane, kumi, linaweza kuonekana jipya kabisa huku ndani limeshakuwa makapi. Na mtumba haukuambii ulizaliwa lini.

Kwa hiyo ukiwa sokoni, bonyeza ile soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu. Nzima inarudi kama tairi la baiskeli. Iliyokufa inaacha alama, au inatoa vipande, au inanata. Halafu likunje kwa mikono yote miwili utazame pembeni. Ukiona vijiufa vingi kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta, weka chini uendelee na safari.

Zipo soli za kati za EVA, povu jingine la plastiki. Hizo hazimong'onyoki hivyo, ila zikizeeka zinakuwa bapa na miguu inauma. Afadhali miguu iume kuliko kuokota soli njiani.

Je, lililokufa linatengenezeka? Ngozi ikiwa nzima, ndiyo. Nang'oa yote, nasafisha mpaka kwenye mfupa wa buti, naweka soli nyingine kwa gundi, nashona kuzunguka. Lakini msimfuate fundi wa kulipua. Sindano ikipanda juu kidogo ya ukingo wa soli inatoboa kile kitambaa cha ndani kinachozuia maji, na hapo umepata buti gumu lenye matundu arobaini. Mimi nikimaliza napitisha gundi juu ya mstari wa uzi, halafu napima.

Kupima ni rahisi. Jaza karatasi ya chooni ndani ya buti hadi puani. Weka buti kwenye beseni, maji yaishie chini kidogo ya pale ulimi uliposhonewa. Kaa nalo nusu saa. Toa karatasi. Palipolowa ndipo panapovuja, karatasi haijui kusema uongo.

nafuatilia_tu

Naweka kiti hapa.

Wa_Naro_Moru

Hamjambo majirani. Huku kwetu Mlima Kenya njia ya Naro Moru, ukipita Met Station unakutana na kinamasi kilichosimama wima. Sitanii, ni tope linalopanda mlima. Hapo ndipo buti langu la Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, lilipofanyiwa mtihani.

Lilikuwa kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, nilipanga foleni alfajiri belo likifunguliwa. Mvua ikatupata. Maji hayakupita kwenye ngozi wala kwenye soli, yalipitia juu! Nilikuwa nimechomeka suruali ndani ya buti kama askari, basi kila tone lililoteremka mguuni lilipata mfereji. Na buti lisiloingiza maji likishayaingiza, halitoi. Nilitembea saa tatu na ndoo mbili miguuni.

Ila ujinga wenyewe niliufanya usiku. Tulipofika kambi ya Mackinder niliyaweka mabuti karibu na jiko la mpishi ili asubuhi yawe makavu. Yalikauka, ndiyo. Ngozi ilikuwa kama muhogo wa kukaanga juzi, na gundi ya pua ikaachia kote. Kilele cha Point Lenana nimekiona kwenye picha za wenzangu.

Sasa hivi sifanyi hivyo tena. Nafungua kamba zote, natoa ile soli ya ndani, naweka magazeti, nabadilisha yakilowa. Usiku mmoja wa baridi hautakausha buti la ngozi, kubali tu, vaa soksi kavu. Na suruali ya mvua ishuke JUU ya buti.

Kambale_Mwanajiolojia

Wakuu mnateseka bure. Nimefanya kazi milima ya Rwenzori upande wa Kasese, Uganda. Kule mgeni wa dola na mbeba mizigo wote wanavaa gambuti. Kinamasi cha Bigo hakijali jina lililoandikwa kwenye buti lako. Unatumbukia hadi gotini, unachomoa mguu, unaendelea. Gambuti jipya ni bei ya chakula cha siku mbili tatu, na halina cha kuvuja mpaka litoboke.

Msilidharau. Soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje nene ndefu ipite ukingo wa juu, la sivyo mpira unakuchuna shavu la mguu.

Mgumu_Mstaafu

Kambale, kwa Bigo nakupa. Kwa Kilimanjaro nakukatalia. Usiku wa kilele tunatoka Kibo Hut karibu saa sita, tunatembea kwenye kokoto zinazoteleza na baridi iliyo chini ya sifuri. Gambuti halipumui: unatoka jasho, jasho linapoa, vidole vinakufa ganzi. Na kifundo cha mguu hakijashikwa na chochote. Nimewahi kuona kijana wa watu anashushwa kwa sababu hiyo.

Kambale_Mwanajiolojia

Haya, na sisi kwenye barafu ya kwenda kilele cha Margherita tunavua gambuti tunavaa buti gumu la kufungia meno ya chuma. Lakini siku zote zile za chini ni gambuti. Sibadiliki.

Mama_Misitu

Nipo Lushoto, kazi yangu ni doria za misitu. Sipandi vilele, lakini kwa wiki natembea kwenye utelezi kuliko wengi wenu kwa mwaka, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Mguu wangu ni namba 37. Mabuti ya mtumba ya kiume yanaanzia 41, ya kike yakifika yanagombaniwa. Miaka miwili nilivaa 40 na soksi tatu, malengelenge kila wiki. Siku moja muuzaji wa Tanga akanionyesha rundo la viatu vya watoto wa Ulaya. Watoto wa kule wenye miaka 12 wana miguu kama yangu! Buti lile lile, kampuni ile ile, karibu nusu bei kwa sababu limeandikwa la mtoto. Na mtoto hukua haraka, kwa hiyo mara nyingi halijachakaa. La kwanza nililinunua 28,000 likanipeleka misimu mitatu.

Utunzaji: tope silifuti kwa kulilowesha kwenye ndoo. Nasubiri likauke, napiga brashi, kisha naosha kwa kitambaa chenye maji. Ngozi ikianza kupauka napaka nta. Sipaki mafuta ya kupikia jamani, panya walishanilia pua la buti moja.

Mmatumbi_Bergen

Salamu kutoka Bergen, Norway, mji ambao watu wanauliza "leo haijanyesha, kuna nini?"

Niongeze kitu kuhusu maandishi ya Gore-Tex na ndugu zake. Ni utando mwembamba ulio katikati ya kitambaa cha nje na bitana. Unazuia maji ya nje na kuruhusu mvuke wa jasho utoke. Lakini kitambaa cha nje kikichafuka na kupoteza ile hali ya maji kuteleza kama kwenye jani la mgomba, kinalowa chote, mvuke unakosa pa kutokea, soksi inalowa kwa jasho, mtu anasema buti linavuja. Kabla hujalitupa, lisafishe, lipulizie dawa ya kuzuia maji au nta, ujaribu tena. Kitanzania zaidi: kama soksi imelowa sawasawa kila mahali, mara nyingi ni jasho. Ikilowa sehemu moja, ni tundu.

Na naungama. Mwaka juzi nilimtumia binamu yangu Rombo jozi mbili nilizokuta dukani kwa vitu vilivyotumika, zinametameta. Sikufikiria umri. Nikisoma kisa cha Mgumu nimempigia simu usiku huu. Moja imeshaachia soli, alikuwa anaona aibu kuniambia. Baadhi ya kampuni huandika tarehe ya kutengenezwa kwenye kilebo cha ndani ya ulimi, tuliopo huku tuwe tunasoma kabla ya kutuma.

Kijana_wa_Dodoma

Je, kama napanda mara moja tu maishani na nina 60,000?

Mgumu_Mstaafu

Kodi, mdogo wangu. Moshi maduka ya kukodisha yapo mengi. Nenda siku mbili kabla, usisubiri asubuhi ya safari ukaambulia lililobaki. Libonyeze kwa ukucha kama alivyosema Fundi, maana na la kukodi linazeeka. Tembea nalo mjini siku nzima, panda hata ngazi za stendi.

Na nyie wagumu wapya msione haya: KPAP, shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, pale Moshi wanawaazima wapagazi vifaa vya mlimani bure. Nilichelewa kujua mimi.

Mimi sasa navaa la Memorial, nilinunua 70,000. Nalivaa mlimani, nalivaa shambani, na mke wangu analalamika nimelivaa kanisani. Silihifadhi tena.

Fundi, lile la Mjerumani ngozi yake bado ninayo, chini ya kitanda kilekile. Nikikuletea Jumamosi?

Fundi_Kilombero

Lete. Litoe kwenye nailoni leo hii, na usilipake kiwi.