Sosholojia ina kazi gani katika jaa la taka la Kiteezi?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kampala

Habari zenu, wakubwa zangu na wenzangu. Nasomea sosholojia, yaani elimu ya jamii, na ninajiandaa kuandika tasnifu kuhusu Kiteezi, jaa lililopokea taka za jiji la Kampala tangu mwaka 1996 hadi lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Rafiki zangu wanaosomea uhandisi wanasema jambo hili limekwisha kuelezeka, kwamba taka zilirundikwa kupita kiasi, mvua ikanyesha na mteremko ukalegea. Sipingi maelezo hayo. Ila kama chanzo ni uzito na maji, mtu wa sosholojia anabakiwa na kazi gani zaidi ya kuwauliza majirani maoni yao kuhusu usafi?

Mhadhiri mstaafu, Mbarara

Mwanangu, sosholojia yenyewe iliyakwepa mazingira kwa muda mrefu. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alifundisha mwaka 1895 kwamba jambo la kijamii lielezwe kwa jambo jingine la kijamii, na wengi waliomfuata wakaona mvua na udongo haviwahusu. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, William Catton na Riley Dunlap, walidai kwamba hata wanasosholojia waliokuwa wakibishana vikali walikubaliana kimyakimya juu ya dhana moja, kwamba binadamu, kwa utamaduni na teknolojia yake, ameepuka mipaka inayowabana viumbe wengine. Walitaka dhana hiyo iachwe. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi, na ndiyo maana nakushauri uyasome maelezo ya wahandisi kwa makini badala ya kushindana nayo.

Miaka miwili baadaye mwanasosholojia Allan Schnaiberg alieleza jinsi wenye mitaji wanavyolazimika kupanua uzalishaji, serikali ikitegemea kodi na wafanyakazi wakitegemea ajira, hata kila upande ukawa na sababu ya kutaka uzalishaji uendelee kukua ingawa malighafi inapungua na taka zinaongezeka. Kwa hiyo usianzie siku lundo liliposhuka. Uliza nani aliamua taka ziendelee kupelekwa pale, nani alikuwa na njia ya kufikisha malalamiko yake mahali yakasikilizwa, na nani hakuwa nayo.

Mtafiti, Jinja

Naongeza mfano unaokaribiana sana na wako. Mwaka 1979 mwanasosholojia Robert Bullard alichunguza mahali taka zilipotupwa katika jiji la Houston, Marekani. Aligundua kwamba majaa yote 5 yaliyomilikiwa na jiji yalikuwa katika mitaa ya watu Weusi, pamoja na matanuri 6 kati ya 8 ya jiji ya kuchomea taka, ilhali watu Weusi walikuwa takribani robo tu ya wakazi. Hakuanza kwa kuuliza maoni. Alitafuta kumbukumbu za jiji, akaweka kila jaa kwenye ramani ya wakazi, kisha akauliza ni maamuzi ya aina gani yangeweza kuzaa ramani kama hiyo.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kampala

Nashukuru sana, mwalimu, nawe ndugu wa Jinja. Tatizo ni kwamba nimesikia watu wakisema baadhi ya majirani wa Kiteezi walijenga wakiliona jaa, kwa hiyo walijitakia. Nijibu nini?

Mtafiti, Jinja

Swali la nani alitangulia, jaa au wakazi, limebishaniwa hata Marekani, na halijibiwi kwa hisia. Andika historia ya kila kiwanja: kilinunuliwa mwaka gani, kwa nani, kwa bei gani ikilinganishwa na viwanja vya mbali zaidi. Mtu anayenunua mahali hapo kwa sababu ndipo fedha zake zinapofika amechagua, ni kweli, lakini amechagua kati ya machache, na uchache huo ni sehemu ya utafiti wako. Halafu usisahau umiliki wa ardhi. Katika Buganda mwenye hati ya mailo (mmiliki aliyesajiliwa wa ardhi) na mwenye kibanja (anayekaa na kutumia kiwanja kwenye ardhi hiyo bila kuwa na hati yake) wanaweza kuwa na haki juu ya ardhi ileile, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inawatambua wote wawili kwa namna tofauti. Fidia inapozungumzwa, tofauti hiyo huamua nani anaitwa mezani, na mpangaji wa chumba kimoja ana hatari ya kutoitwa kabisa.

Afisa wa maendeleo ya jamii, Wakiso

Dada au kaka, kuna kundi ambalo orodha ya majirani haitakuonyesha. Waokota taka walifanya kazi juu ya lundo lenyewe, wakitenga plastiki na vyuma vya kuuza, na kwao jaa lilikuwa hatari na riziki kwa wakati mmoja. Ukiwauliza kama walitaka jaa lifungwe, jibu litategemea kama unamuuliza mtu kuhusu mapafu yake au kuhusu karo ya watoto wake. Tena wengi huhama taka zinapohamishwa, hivyo ukisubiri mwaka mzima kupata kibali cha utafiti, utawakuta waliobaki tu. Anza na wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kuwa wao ndio wanaojua waokotaji waliowauzia wamekwenda wapi.