Cuiabá, Campo Grande au Corumbá: mji upi ni lango bora la kuingilia Pantanal?

Mwanaisha wa Tanga

Wanajamvi, habari za siku nyingi. Katikati ya Agosti nitakuwa São Paulo kwa shughuli za kikazi, na zitakapokwisha nimedhamiria kuchukua wiki moja niende Pantanal, ile nchi ya maji iliyoko magharibi mwa Brazili na kuenea hadi Bolivia na Paragwai, ambayo ndiyo ardhioevu kubwa kuliko zote katika ukanda wa joto duniani. Nitafuatana na baba yangu, aliyeitumikia idara ya wanyamapori hadi alipostaafu. Amewaona simba na chui maisha yake yote, na sasa hamu yake ni kumwona jagwa, yule paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui.

Nimekwisha kuelewa kwamba wageni huingilia katika miji mitatu: Cuiabá upande wa kaskazini, Campo Grande upande wa kusini, na Corumbá mpakani kabisa na Bolivia. Kila ninayemuuliza anausifu mji aliofikia yeye. Naomba waliofika wanilinganishie, wakizingatia kwamba baba hawezi kutembea mwendo mrefu wala kukaa garini siku nzima, na kwamba Kireno chetu hakivuki maamkizi.

Ndege wa Arusha

Dada Mwanaisha, kwa shabaha uliyoitaja, jibu langu ni Cuiabá. Mji huu ni makao makuu ya jimbo la Mato Grosso, ulianzishwa na watafuta dhahabu mwaka 1719, na ndiko inakoanzia safari ya kwenda Porto Jofre, mahali ambapo kumwona jagwa kati ya Julai na Oktoba ni jambo la kutarajiwa na si la kubahatisha. Uwanja wa ndege wenyewe uko Várzea Grande, ng'ambo ya mto. Kutoka hapo mtakwenda kilomita mia moja hivi za lami hadi Poconé, na baada ya Poconé huanza Transpantaneira, barabara ya udongo iliyoinuliwa juu ya tuta na kuishia Porto Jofre, yenye urefu wa kilomita zipatazo 145 na madaraja zaidi ya mia moja. Mengi ya madaraja hayo yalikuwa ya mbao, na yamekuwa yakibadilishwa kidogo kidogo kuwa ya zege.

Barabara hiyo msiivumilie tu kwa ajili ya kufika mwisho wake, kwa kuwa yenyewe ni sehemu ya ziara. Ilipojengwa katika miaka ya 1970, udongo wa kuinulia tuta ulichimbwa kandokando, na mashimo yaliyobaki yakawa madimbwi yanayohifadhi maji hata nchi inapokauka. Wakati wa kiangazi mamba wa huko, ambao ni wadogo sana kuliko wa mito yetu, hujazana humo wakiwa wamepandana migongo, vinywa wazi, wala hawajishughulishi na gari linalosimama hatua chache kutoka walipo. Katikati yao hupita korongo jabiru, ndege mkubwa mweupe mwenye kichwa na shingo nyeusi na ukosi mwekundu chini ya koo, akiokota samaki waliokosa pa kukimbilia. Kwa mtu aliyeishi na wanyama kama baba yako, saa moja kando ya dimbwi la namna hiyo ni somo zima.

Kuhusu miguu yake, ondoa shaka. Porto Jofre wanyama hutazamwa kutoka kwenye boti: mnaketi vitini, mnapita katika Mto Cuiabá na vijito vya hifadhi ya jimbo iitwayo Encontro das Águas, na jagwa hutembea ukingoni akitafuta mamba na kapibara, mnyama mkubwa wa jamii ya panya. Nimemshuhudia mmoja akishuka mchangani, akaingia majini bila kishindo, akatoweka kabisa isipokuwa pua na masikio, kisha akaibuka upande wa pili na mamba mdomoni, amemshika kwa nyuma ya kichwa. Chui wetu huliogopa eneo la mamba. Huyu hulifanya kuwa jiko lake.

Mama Rehema

Namheshimu Ndege wa Arusha, lakini ninaomba upande wa kusini nao usikilizwe. Anayosema kuhusu jagwa wa Porto Jofre ni kweli tupu. Hata hivyo hakueleza kwamba waongozaji huitana kwa redio, na jagwa mmoja akionekana, boti nyingi hukusanyika mbele yake kwa muda mfupi, injini zikinguruma na watu wakinyanyuka kupiga picha. Mgeni anayelipenda pori kwa utulivu wake huweza kuumia moyo.

Campo Grande ni makao makuu ya Mato Grosso do Sul, jimbo lililomegwa kutoka Mato Grosso kwa sheria ya mwaka 1977. Ni mji mpana na wenye miti mingi, na wenyeji huuita mji wa rangi ya kahawia kwa sababu ya udongo wake mwekundu. Pana jumba la samaki wa maji baridi, Bioparque Pantanal, lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo kwa maoni yangu linafaa kutembelewa kabla ya kwenda porini, kwa kuwa huko mtoni maji huwa na tope na hamtawaona samaki wanaoilisha nchi yote ile. Jioni nendeni sokoni, Feira Central, mkale soba, tambi za mchuzi zilizoletwa na wahamiaji kutoka Okinawa, ambazo leo ni chakula cha mji mzima.

Kutoka hapo ni kilomita zipatazo mia mbili za lami hadi Miranda, ambako wageni hulala katika mashamba makubwa ya ng'ombe. Jambo hili ni la msingi kwa kila anayetaka kuielewa Pantanal: karibu ardhi yake yote ni mali ya watu binafsi, na ng'ombe wamechungwa humo kwa zaidi ya karne mbili. Wanyama wakisalimika, ni kwa sababu wenye mashamba wameridhia. Katika shamba la Caiman, lililoko Miranda, mradi wa Onçafari umekuwa ukiwazoesha jagwa magari ya watalii tangu mwaka 2011, kwa utaratibu uliojifunzwa Afrika Kusini, na mtu huwaona akiwa garini, katika nyika, jambo ambalo baba yako atalielewa mara moja.

Na huko ndiko uliko mradi wa kasuku wakubwa wa buluu, ulioanzishwa mwaka 1990 na mwanabiolojia Neiva Guedes, wakati ndege hao walikuwa wamekaribia kumalizwa na wanaowakamata kwa biashara. Kasuku hawa hutaga karibu wote katika mti mmoja, manduvi, ambao ubao wake ni laini na hufanya mapango. Lakini manduvi huanza kuwa na pango la kutosha ukiwa na miongo kadhaa ya umri, na ng'ombe huila miche yake ikiwa michanga. Mbegu za manduvi husambazwa kwa sehemu kubwa na ndege tukani, na tukani huyohuyo hula mayai ya kasuku. Nilipoelezwa haya chini ya mti wenyewe, juu kukiwa na sanduku la mbao lililotundikwa badala ya pango, niliacha kuitazama Pantanal kama mahali pa kumsaka mnyama mmoja.

Kombo wa Muscat

Mchango wangu ni mfupi. Cuiabá ina joto kali mno, na kati ya Agosti na Oktoba nyuzi 40 si habari. Sisi tunaoishi Ghuba hatulishangai, lakini mzee asipangiwe matembezi ya mjini adhuhuri. Papo hapo chukueni makoti, kwa maana hutokea upepo wa baridi kutoka kusini ukaishusha hali ya hewa hadi nyuzi 10 hivi kwa usiku mmoja, na ndani ya boti alfajiri baridi hiyo huuma.

Kwa chakula, asiyekula nyama ya huko hatapata taabu, kwani Cuiabá ni mji wa samaki. Ulizieni mbavu za pacu za kukaanga, na mojica de pintado, yaani kambare mkubwa aliyepikwa mchuzi pamoja na mihogo. Mtu wa pwani akiionja atajua yuko kwa watu wanaojua muhogo.

Mzee Baharia

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Mnalinganisha miji, lakini kinachoamua ni maji, na maji hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Machi, zaidi kwenye nyanda za juu zinazoizunguka Pantanal. Maji yakishuka bondeni hukuta nchi iliyo tambarare kiasi kwamba mteremko wake ni sentimita chache tu kwa kila kilomita, kwa hiyo Mto Paraguay huyasukuma taratibu sana. Kaskazini mafuriko hufikia kilele Februari au Machi. Corumbá hufika Mei au Juni, wakati mvua yenyewe imekwisha kusahauliwa. Ndiyo maana mwezi wa Agosti kaskazini huwa kumekauka na wanyama wamekusanyika mitoni, ilhali kusini maji ndiyo kwanza yanaondoka.

Corumbá nimeupenda kuliko miji yote miwili mliyoitaja. Ulianzishwa mwaka 1778, ukatekwa na jeshi la Paragwai mwaka 1865, na baada ya vita hiyo ukatajirika kwa meli zilizopanda mto kutoka baharini. Safu ya majumba ya wafanyabiashara bado imesimama chini bandarini. Ukiketi pale juu jua linapozama unaiona Pantanal yote imetandazwa mbele yako. Lakini kwa safari yenu siushauri. Ndege zake ni chache, barabara kutoka Campo Grande ni zaidi ya kilomita 400, na boti zenye malazi zinazotoka hapo nyingi huwahudumia wavuvi. Isitoshe, ukame wa miaka ya karibuni umeudhuru mto: mwaka 2024 kipimo cha Ladário, jirani na Corumbá, kilishuka hadi chini kabisa tangu kilipoanza kusomwa mwaka 1900.

Na kama mlifikiria kuunganisha kaskazini na kusini, fahamuni kwamba Transpantaneira ilikusudiwa kufika Corumbá, lakini iliishia Porto Jofre na haikuendelea tena. Hakuna njia ya gari katikati. Itawalazimu kurudi Cuiabá, kisha kilomita zipatazo 700 hadi Campo Grande.

Mwanaisha wa Tanga

Shikamoo Mzee Baharia, nanyi nyote nawashukuru. Maelezo ya maji yamenifungua macho. Kabla sijaamua nina swali moja linalonisumbua: moto. Picha za mwaka 2020 zilimhuzunisha sana baba. Je, Encontro das Águas imepona, na je, Agosti hatutakuta moshi?

Ndege wa Arusha

Swali hilo halikwepeki. Mwaka 2020 iliungua zaidi ya robo ya Pantanal yote ya Brazili, na hifadhi ya Encontro das Águas iliungua karibu yote. Watafiti walikadiria kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wapatao milioni 17 waliteketea mwaka huo. Mwaka 2024 moto ulirudi kwa ukali, safari hiyo ukianzia mapema, Juni, katika eneo la Corumbá. Jagwa wa Porto Jofre wengi walinusurika kwa kuwa ni waogeleaji, na mito iliwakinga. Waliokwisha ni wale wasioweza kukimbia wala kuogelea, nyoka, vyura na wadogo wenzao. Misitu ya kingo imechipua, ingawa mtu aliyezoea kusoma pori ataona makovu kwenye mashina. Baba yako atayaona.

Moshi hutegemea mwaka. Agosti kwa kawaida ni afadhali kuliko Septemba, na kuuliza mwenye nyumba ya wageni juma moja kabla ya kuondoka ni bora kuliko utabiri wowote. Kuhusu msongamano alioutaja Mama Rehema, nakubaliana naye kabisa. Dawa yake ni kumwambia mwongozaji tangu usiku kwamba hamtaki kukimbizana na redio, na kwamba mnapenda kukaa katika kijito kimoja mkawatazame fisi maji wakubwa. Akijua hivyo mapema, atawapeleka kwingine, na mara nyingi jagwa hupita hukohuko.

Mama Rehema

Dada, kwa vigezo vyako mwenyewe, miguu ya mzee na hamu yake, hata mimi nakuambia nenda Cuiabá. Campo Grande ungeufaidi zaidi kama mngekuwa na wiki mbili na mngetaka kuongeza Bonito, kwenye mito ya maji maangavu inayopita katika miamba ya chokaa, ambako mtu huogelea juu ya samaki kama waliotundikwa hewani. Lakini huko ni kuingia majini, na idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, hivyo nafasi hutafutwa mapema.

Mwanaisha wa Tanga

Basi ni Cuiabá. Je, tuende moja kwa moja hadi Porto Jofre siku ya kwanza?

Ndege wa Arusha

Hapana. Laleni Cuiabá usiku wa kwanza, ondokeni alfajiri, jazeni mafuta Poconé, kisha mlale karibu na Mto Pixaim, ambao uko takriban katikati ya Transpantaneira. Kwa namna hiyo hakuna siku itakayomchosha mzee, nanyi mtapita madimbwi asubuhi na jioni, saa ambazo wanyama hutoka. Usiku msiendeshe gari. Porto Jofre ipeni siku tatu kamili za boti, kwa sababu siku ya kwanza hupotea katika kuzoea jua na mwendo wa maji. Mchukue mwongozaji anayezungumza Kiingereza kutoka Cuiabá, akiwa na gari lake, kwani huko ndani Kireno ndicho kinachosikika. Chanjo ya homa ya manjano mchanje siku kumi kabla ya safari, wala kadi zenu msizifungie kwenye mabegi makubwa, maana mkirejea nyumbani mkitokea Brazili mtaulizwa kadi hizo uwanjani.

Mwisho, saa za Cuiabá ziko nyuma ya São Paulo kwa saa moja. Kagueni saa zenu mkishatua, hasa siku ya kurudi, mkipanga muda wa kutoka Poconé kuwahi ndege.