Naomba ushauri: kisima kinaingia maji ya mafuriko kila masika

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kisima cha nyumbani, upande wa Mwanakwerekwe, Zanzibar: upana mita 1, maji yakisimama mita 3, yaani lita 2,350 hivi. Masika mtaa ukifurika, maji machafu yanapanda ukuta wa sentimita 40 na kumwagikia ndani.

Kutibu najua. Kwanza kuvuta tope lote, maana maji ya tope hula klorini bure. Halafu gramu 170 za unga wa klorini wa asilimia 70, ukorogwe na maji kwenye ndoo ya plastiki (ya bati inaliwa), umwagwe kisimani, uachwe kwa muda wa saa 12, kisha kuvuta mpaka harufu iishe. Mvua nyengine, kazi ile ile.

Shida yangu ukuta. Nikiupandisha hadi mita 1 na kumwaga zege mita 2 kuzunguka, itatosha? Karo la choo la jirani liko mita 12, na mwamba wetu wa matumbawe una nyufa, unapitisha maji bila kuyachuja. Nahofia nitaziba juu, uchafu uje kwa chini. Plasta ndani, mita 3 za juu, itasaidia, au nikifukie nichimbe kwengine?