Naomba ushauri: kinywa cha mgonjwa wa Parkinson anayetumia benzheksoli

Wakuu, swali kwa madaktari wa meno na wauguzaji. Mzee wa miaka 71 ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa. Anameza levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huo, na benzheksoli, dawa ya kupunguza mtetemeko. Udenda unamtoka, lakini ulimi umekauka mpaka unanata kwenye kaakaa. Udenda huo si mate kuzidi, ni kumeza kumepungua. Benzheksoli nayo inakausha. Meno yanaoza shingoni, pale fizi zinapoanzia.

Anapiga mswaki dakika 45 baada ya levodopa, mikono ikiwa imelegea. Mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli ushikike. Dawa ya meno yenye floraidi ni kiasi cha punje ya njegere, anatema, hasukutui. Anakaa wima, maana akipaliwa, uchafu wa kinywa ukiingia mapafuni huleta nimonia.

Wapo wanaomwambia ang'oe meno yote ili mtetemeko uishe. Msimwambie hivyo jamani! Ugonjwa wa fizi umeonekana kuhusiana na Parkinson, ila kwamba ndio chanzo haijathibitishwa.

Benzheksoli ipunguzwe kwa hatua zipi? Kuikata ghafla ni hatari. Na meno ya bandia ya chini, yanayoruka kila ulimi ukicheza, yashikizwe na nini? Gundi inahitaji mate, na mate hakuna.